Wauza Mafuta wa Usiku wa Manane

Mnaijua habari ya wanawali kumi iliyo katika Injili ya Mathayo. Watano walibeba akiba ya mafuta, watano hawakubeba. Bwana arusi akakawia, wote wakasinzia, na kelele zilipopigwa usiku wa manane, taa za wale watano zilikuwa zinafifia. Tangu utoto nimeisikia habari hiyo ikihubiriwa, kwanza chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha katika makanisa ya matofali huku Maine, na kila mhubiri aliwageukia wanawali: wenye busara wasifiwe, wapumbavu waonywe. Sijamsikia hata mmoja akiwageukia wauza mafuta. Nao wamo! Wale wenye busara waliwaelekeza wenzao kwao. Usiku ule, mjini mule, palikuwa na mtu mwenye mafuta dukani, na wanawake watano walishika njia gizani kwenda kumgongea mlango. Leo nasema na mtu huyo.

Nasema naye kwa kuwa namjua. Majira tisa ya baridi nimeendesha lori la mafuta ya kupashia nyumba joto, Lewiston, Auburn na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo. Nimeburuta mpira mzito juu ya theluji inayofika magotini, nimeufunga mdomo wake kwenye bomba la tangi, kisha nimesimama kimya nikisikiliza filimbi. Asiyeijua kazi hii na ajue: kwenye bomba la kupumulia la tangi hufungwa kifilimbi kidogo. Mafuta yakiingia, hewa hutoka, na filimbi hulia. Ikinyamaza, tangi limejaa, funga upesi. Isipolia tangu mwanzo, acha mara moja, maana huenda chini hakuna tangi. Zipo nyumba zilizong'olewa tangi bomba la nje likasahauliwa, dereva akaja akamimina mafuta juu ya sakafu ya watu. Kazi yetu imefungwa kwenye sikio.

Wasomaji walio Kigoma, Bujumbura au Maskati mtauliza mafuta gani haya. Ni ndugu wa dizeli, yametiwa rangi nyekundu ili yajulikane kuwa hayakulipiwa kodi ya barabara. Meli huyashusha South Portland na Searsport, malori huyasambaza, na kila nyumba ina tangi lake, aghalabu la galoni 275, chini ya nyumba kwenye besimenti. Maine inayategemea kuliko jimbo lolote la Marekani: zaidi ya nusu ya kaya zetu zinapashwa joto nayo. Sehemu kubwa ya jimbo haina bomba la gesi. Baridi ikishuka nyuzi 20 chini ya sifuri na tangi likakauka, kwanza boila inazimika, kisha maji yanaganda ndani ya mabomba, kisha mabomba yanapasuka ukutani. Kikongwe aliye peke yake anaweza kufa.

Na watu wetu wako humu. Wasomali wa asili ya Kibantu waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma wako Lewiston. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wamejaa Portland. Mwaka 2019 mamia ya watu kutoka Kongo na Angola walilala kwenye ukumbi wa michezo wa Portland Expo kwa kukosa mahali. Wengi sasa wana nyumba za kupanga, wengine wamenunua. Wana matangi. Vijana wetu wameanza kusomea leseni za boila na za kuendesha magari ya mizigo ya hatari, na mmoja mmoja wananiuliza, baba, nami nikinunua lori dogo itakuwaje? Kwenu nyote, mlio ndani ya biashara hii na mnaobisha hodi, nina neno moja. Neno lenyewe ni amana.

Jirani anayesafiri akikuachia mbuzi wake, yule mbuzi hukumnunua wala hukupewa. Akizaa, watoto ni wa jirani. Wageni wakikujia ghafla na huna kitoweo, yule mbuzi humchinji, hata ukiapa moyoni kwamba utamlipa mwenyewe mwingine mwezi ujao. Mtoto wa miaka saba kijijini analijua hilo. Sasa niambieni, ndugu zangu wenye malori: fedha ya mwezi wa Julai ni ya nani?

Maana biashara hii ina desturi ya kulipwa kabla. Jua likiwaka na mafuta yakiwa bei nafuu, mteja hulipia galoni zake 600 au 800 za majira ya baridi yajayo kwa bei iliyofungwa. Dola elfu mbili, elfu tatu, zinaingia kwa muuza mafuta miezi mitano kabla tone moja halijaingia kwenye tangi. Zinaingia wakati yeye mwenyewe amekaukiwa: msimu umekwisha, madeni ya Februari hayajalipwa, lori linadai gia mpya. Mbuzi wa jirani amefungwa uani, na wageni wako mlangoni.

Mimi na mke wangu tuliyaonja hayo mwaka wetu wa tatu huku. Nilikuwa nafagia maofisi usiku, yeye alikuwa akitunza wazee. Tulidunduliza, tukalipa Julai kwa muuza mafuta mmoja ambaye wenzetu walimsifu kwa bei. Desemba alileta mara moja. Januari simu yake iliita tu. Tulikwenda ofisini kwake, tukakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo. Tuliwalaza watoto wanne chumba kimoja, tukaning'iniza mablanketi madirishani, na kila jioni nilinunua galoni tano za dizeli kituo cha mafuta nikaimimina tangini kwa faneli ili boila isizimike. Baadaye watu waliomjua waliniambia hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Fedha yetu ya Julai alilipia mafuta ya wateja wa msimu uliopita. Nilimsamehe, na namwombea. Lakini mke wangu alikuwa mjamzito, na nyumba ilikuwa baridi, na sitaacha kulisema hilo mbele ya yeyote anayeniambia kwamba fedha ya kulipwa kabla ni mtaji.

Si mtaji! Sheria ya Maine yenyewe, iliyoandikwa na watu wasiojua methali zetu, imeliona. Anayeuza mafuta ya kulipiwa kabla sharti awe amejifunga kwa mikataba ya kununua mafuta hayo kwa bei iliyokwisha kupangwa, angalau robo tatu ya galoni zote alizoahidi, au awe amejiwekea dhamana ya kampuni au ya benki. Connecticut nao wana sheria ya namna hiyo. Nasikia wenzangu wakinung'unika: serikali inatubana, makaratasi mengi, sisi ni wadogo. Nawaelewa kuhusu udogo. Tangu mwaka 1978 mafuta ya kupashia joto yanauzwa kwa mikataba ya baadaye katika soko la New York, na mkataba mmoja ni galoni 42,000. Mwenye wateja 40 ataununuaje? Lakini msambazaji wako wa bandarini anaweza kukukatia kipande chako. Mwendee Juni, kabla hujatangaza bei yako, umwambie: galoni elfu kumi nifungie. Akikataa, usitangaze bei. Ahadi usiyo na mafuta nyuma yake usiiuze.

Najua soko halina huruma hata kwa mwaminifu. Kumbukeni mwaka 2008. Julai pipa la mafuta ghafi lilipita dola 147, watu wakaogopa, wakakimbilia kufunga bei kwa zaidi ya dola nne galoni. Kufika Desemba pipa lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Mteja aliyefunga bei akamwona jirani akinunua kwa karibu nusu, akavunja mkataba, na muuza mafuta aliyekwisha kujifunga kwa msambazaji akabaki na mzigo wa bei ya Julai mikononi. Wapo waliofilisika kwa kuwa waaminifu. Kisha mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, galoni ikapita dola tano. Hesabuni: lori la galoni 2,800 lililokuwa likijazwa kwa dola 5,600 bei ikiwa mbili, likajazwa kwa dola 14,000. Msambazaji anataka fedha yake kwa siku chache, mteja analipa mwisho wa mwezi au halipi, na benki haikupanua mkopo hata senti. Nimewaona matajiri wangu wakikaa ndani ya gari asubuhi, injini imezimwa, mikono usoni. Siwahukumu kwa kuelemewa. Ninachodai ni hiki: unapoelemewa, mwambie mwenye mbuzi. Piga simu. Sema, mama, nimekwama, nina galoni mia zako na si mia tatu, nitakuletea hizi leo, na hizo nyingine nimemwomba fulani akuletee. Ukimya wa simu ile uliniumiza kuliko baridi.

Sasa kipimo. Pale Nyarugusu tulipimiwa unga kwa kopo, na sisi watoto tulijua ni nani anayelijaza na ni nani anayeingiza kidole gumba ndani. Waislamu wana sura nzima katika Kurani, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na ndugu zetu wa Lewiston wanaisoma. Mwaka 2015 mwendesha mashtaka wa Manhattan aliwafikisha mahakamani watu zaidi ya arobaini kwa kupunja mafuta ya kupashia majengo joto. Mbinu zinajulikana na kila dereva. Hewa ikipitishwa kwenye mita, mita inahesabu hewa kama mafuta. Bomba la kificho likiwekwa nyuma ya mita, mafuta yaliyokwisha kuhesabiwa yanarudi kwenye lori. Mteja amelala, au yuko kazini, au hajui kusoma karatasi. Atajuaje? Hatajua! Ndiyo maana mita hukaguliwa na kupigwa lakiri. Dereva, kijana wangu, bosi akikuagiza uiguse lakiri ile, mpe funguo zake ushuke. Njoo kwangu, tutakula ugali pamoja hadi upate kazi nyingine. Nasema kweli, mlango wangu unaujua.

Na wale wa galoni ishirini? Hapa ndipo moyo wangu unapochomeka. Kampuni nyingi zinataka kupeleka galoni mia kwa safari, kwa sababu lori, dereva na barabara gharama yake ni ile ile ukipeleka mia au kumi. Hesabu hiyo naielewa, nimeiendesha mwenyewe. Lakini fukara hana fedha ya galoni mia. Sheria ya Maine inamkataza muuza mafuta kumkatalia mteja mwenye fedha taslimu aliye ndani ya eneo lake la kawaida, kuanzia 15 Oktoba hadi 30 Aprili, akiomba zaidi ya galoni 20. Wangapi kati yenu mnaifuata? Wangapi mnamwambia binti wa simu ajibu kwamba ratiba imejaa? Mwenye nyumba ya magurudumu ana shida juu ya shida: tangi lake liko nje, mafuta ya kawaida yanaganda kama samli kwenye baridi kali, hivyo analazimika kununua mafuta ya taa, na hayo ni ghali zaidi. Mafuta ya taa yale yale! Kule kambini mama yangu aliyanunua kwa kichupa, ya kibatari, ili tusome. Huku naona mama mwingine, mzungu, mjane, anayahesabu kwa galoni na uso ni ule ule. Nikifika kwake namwita mama, naye amezoea.

Kuna wenzangu wanaodhani adui wa biashara hii ni serikali na sheria zake mpya. Tuseme ukweli. Kufikia Julai 2018 majimbo yote ya ukanda wetu huu wa New England yalikuwa yameagiza mafuta haya yawe na salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni, wakati zamani ilikuwa maelfu. Tulilia kwamba tutakufa. Hatukufa. Boila zinatoa masizi kidogo, fundi anaosha upesi, mtoto mwenye pumu anapumua. Rhode Island imeamuru mafuta yachanganywe na bayodizeli, nusu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Vermont wamebishana kwa miaka kuhusu sheria yao ya joto safi ya 2023, ambayo gavana aliipinga kwa kura ya turufu na bunge likaipitisha juu yake. Na hapa kwetu gavana Janet Mills aliweka mwaka 2019 lengo la kufunga pampu za joto, mashine za umeme zinazopasha nyumba bila mafuta, laki moja kufikia 2025, lengo likatimia 2023, likaongezwa jingine. Mnaona malori yakipungua mitaani. Nami naona. Kazi yangu imo ndani ya hesabu hiyo, na nina watoto watano.

Lakini msinitume nikaseme uongo kwa sababu hiyo. Nimesikia muuzaji akimwambia mzee Mrundi kwamba pampu ya joto haifanyi kazi Maine. Inafanya kazi, maelfu ya majirani zake wanaitumia. Ungemwambia kweli: itapunguza mafuta yako mengi, nyumba yako inavuja upepo kwa hiyo ziba madirisha kwanza, na boila yako iache mahali pake kwa usiku mkali wa Januari. Kisha somea leseni ya kuzifunga, uzifunge wewe, kwa maana nyumba unaijua, ngazi za besimenti unazijua, na mbwa wake hakubwekei tena.

Tena liko jambo ambalo watunga sheria hawakulifikiria vya kutosha, nami nalisema wazi kwa kuwa litaua mtu. Ofisini tunajua lini tangi litakauka kwa kuhesabu baridi. Wastani wa joto la siku unatolewa kwenye nyuzi 65 za Fahrenheit. Siku yenye wastani wa 25 ina alama 40. Nyumba inayoteketeza galoni moja kwa kila alama tano itateketeza nane siku hiyo. Tunajumlisha, tunapeleka lori kabla halijakauka, mteja hapigi hata simu. Sasa mteja anafunga pampu na hatuambii. Oktoba na Novemba hatumii mafuta, hesabu yetu inasema anatumia, tunafika na tangi limejaa, tunamwondoa kwenye ratiba. Januari baridi inashuka, anawasha boila usiku na mchana, na sisi tumekwisha kumsahau. Muuza mafuta, muulize kila mteja wako Septemba hii: umefunga nini kipya ndani ya nyumba? Nawe mteja, usione haya kusema kwamba umepunguza kununua. Kipimo cha tangi kiko juu yake, kijiti chekundu ndani ya kikombe cha plastiki. Kikishuka hadi robo, piga simu, usingoje Jumapili.

Na nyinyi wanunuzi, watu wangu, msiniachie muuza mafuta peke yake msalabani. Mnanunua kwa masikio, kwa bei ya senti kumi pungufu mliyoisikia harusini. Kabla ya kutoa fedha ya Julai, mwulizeni kwa upole: baba, fedha yangu imelindwa na nini? Akiwa na mikataba ataitaja. Akikasirika, mmepata jibu. Mkiwa na bei iliyofungwa na soko likashuka, msimkimbie. Alijifunga kwa ajili yenu. Karatasi ya mita ikiachwa mlangoni, ihifadhini. Na anayehama, au aliyetoa tangi kwenye nyumba, aling'oe na bomba la nje siku ile ile.

Nawarudia nyinyi wenye malori. Usiku mmoja kabla ya 15 Oktoba, watoto wakishalala, fungueni daftari. Upande mmoja andikeni jina la kila mtu aliyewalipa kabla na galoni zake, bila kuruka hata moja, hata shangazi yenu. Upande wa pili andikeni galoni mlizo nazo kwa mkataba uliosainiwa, si kwa matumaini. Zisipolingana, asubuhi nendeni kwa msambazaji, nendeni benki, uzeni lori la pili ikibidi, lakini mwenye mbuzi asikute kamba tupu. Kisha andikeni orodha nyingine, fupi: nani ana mtoto mchanga, nani ana mashine ya kupumulia, nani anaishi peke yake mwisho wa barabara isiyosafishwa theluji, nani hajui Kiingereza cha kueleza shida yake kwenye simu. Ibandikeni kwenye kioo cha lori, ndani, upande wa dereva.

Habari ile ya Mathayo haisemi kama yule muuza mafuta alifungua mlango. Inasema tu kwamba waliambiwa waende kwake, usiku, na wakaenda. Ndugu yangu, simu iweke karibu na mto, na sauti yake uipandishe.